Sufuria ya chubwi

Jamani leo nitaandika refu, mnivumilie, manake hili jambo limenikaa kifuani tangu Desemba na kila nikitaka kulieleza kwa mdomo najikuta nimekatika katikati.

Mjomba wangu ni mvuvi wa mshipi, yuko Mtongwe, ng'ambo ya Likoni. Kwa wasiojua, mshipi hauendi chini bila chubwi, ule mzigo mdogo wa risasi (madini nzito, si ya bunduki) unaofungwa karibu na ndoana ili chambo ishuke mpaka kwa samaki wa mwambani. Chubwi zapotea kila siku, zinanasa kwenye mawe mshipi unakatika, kwa hivyo mvuvi lazima awe nazo nyingi, na kuzinunua dukani ni hasara, basi wanazitengeneza wenyewe kutoka kwa betri kuukuu za gari. Ndo alivyofanya babake na ndo anavyofanya yeye.

Likizo ya Desemba nilimpeleka mwanangu kwake, ana miaka minne, akakaa na wenzake wiki tatu. Siku niliyokwenda kumchukua nikakuta kazi inaendelea uani. Mjomba kaipasua betri kwa nyundo, maji yake kayamwaga shinani mwa mnazi, zile plati za ndani kazichomoa akazirundika kwenye sufuria kuukuu juu ya mafiga, makaa yawaka, kijana mmoja anapepea. Mwanzo huoni kitu, ni unga unga wa kijivu umekaa tu kama tope lililokauka. Halafu kule chini linatokea tone moja linang'aa kama kioo, linaungana na jingine, mara sufuria nzima utadhani ina maji ya fedha. Juu yake panafanya gamba la manjano na kijivu, mjomba analikusanya kwa upawa wa bati analitupa pale penye ua wa makuti. Moshi si mwingi. Hilo naomba mlishike, moshi si mwingi hata kidogo, lori moja tu likipanda barabara ya Magongo latoa moshi mara kumi ya ule, ila ukiuvuta unahisi utamu fulani kwenye ulimi, utamu wa chuma, na koo linakauka.

Kalibu ni mchanga uliotiwa maji. Unadidimiza kidole, unatoa, unasimamisha kipande cha waya katikati ili chubwi ipate tundu, mjomba anamimina. Na vidole vilikuwa vya watoto, wanashindana shimo la nani limenyooka zaidi. Mwanangu akaja mbio kunionyesha yake, ndogo kuliko zote, umbo la kidole chake kabisa, mpaka alama ya ukucha yaonekana. Akaitia mfukoni tukavuka nayo feri mpaka nyumbani Magongo, na usiku nikaikuta chini ya mto wake.

Nikaiokota nikaiweka juu ya kabati. Sikulala.

Sikulala kwa sababu mimi ni mtu wa upande wa Changamwe, na huku kwetu neno risasi tulishafundishwa maana yake. Owino Uhuru iko hapo Mikindani, si mbali. 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kikawekwa pale, ubavuni mwa mtaa wa watu kama 3,000, ukuta wa kiwanda na nyumba za watu zimegusana. Betri zaingia, zapasuliwa, zayeyushwa, risasi yasafirishwa nje ya nchi. Kazi ile ile ya mjomba, ila kwa tani. Vumbi la dohani laanguka juu ya mabati, mvua ikinyesha maji ya paa yanakingwa kwenye ndoo za kupikia, na maji machafu ya kiwanda yapita kwenye mtaro wanapocheza watoto. Watu wakaanza kukohoa, wanawake wakaharibikiwa mimba, mabati yakawa yanatoboka.

Phyllis Omido aliajiriwa pale 2009 akiwa na mtoto mchanga anayenyonya. Kazi ya mwanzo aliyopewa ni kushughulikia tathmini ya athari za mazingira. Hapo simameni kidogo. Kiwanda kimejengwa 2007, sheria yetu ya mazingira ya 1999 inataka tathmini ifanywe KABLA mradi haujaanza, na huyu mama 2009 ndo anapewa karatasi za tathmini wakati tanuri lishawaka. Mtoto wake akaugua, akalazwa, mwishowe damu ikapimwa risasi, na jibu likawa ndiyo, imo. Ilimfikia kwa maziwa ya mamake. Yule mama akaacha kazi, akaanza kuwakusanya wenzake, wakaandamana, 2012 akakamatwa, na 2014 kiwanda kikafungwa. Mwaka uliofuata akapewa tuzo ya Goldman, ile ya watetezi wa mazingira, dunia nzima ikamjua.

Sasa nliposoma zile tarehe usiku ule na simu mkononi, kuna moja ilinikaba. Kanuni za Kenya za ubora wa hewa, zile zinazotaja kitu gani kiruhusiwe kutoka kwenye dohani na kwa kiasi gani, zilitolewa 2014. Mwaka ule ule kiwanda kilipofungwa. Yaani tangu 2007 watu wa Owino Uhuru walikuwa wanavuta ile hewa na nchi haijaandika kanuni ya kuipima. Sheria mama ilikuwepo, ndiyo, na Katiba ya 2010 kifungu cha 42 inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya, lakini afisa akisimama pale nje ya geti alinganishe na nini?

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba risasi hatukuwa hatuijui. Tulishaifukuza mara moja! Wale wa rika langu mtakumbuka petroli ya zamani, ilikuwa inatiwa risasi ili injini isigonge, na kila gari lililopita lilikuwa linaitema barabarani kwa bomba la nyuma, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye mahindi ya kuchoma kando ya barabara, kila mahali. Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zikakutana Dakar, Senegal, zikakubaliana kuitoa. Wakasema wengi haiwezekani, sisi masikini, magari yetu mazee, mitambo ya kusafishia mafuta haitaweza, na hapa kwetu tulikuwa na mtambo hapo Changamwe ukifanya kazi tangu 1963. Ikawezekana. Mwanzo wa 2006 petroli ya risasi ilikuwa imeondoka Afrika kusini mwa Sahara yote, miaka isiyofika mitano! Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, 2021, na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako Gigiri Nairobi, linakadiria kuwa hatua ile inaokoa zaidi ya watu milioni 1.2 kila mwaka wasife kabla ya siku zao. Mimi sijui sheria nyingine ya hewa iliyofanya kazi kubwa hivyo kimya kimya, hakuna hata mtu mmoja mtaani kwangu anayeikumbuka, na hiyo ndo sifa yake, watoto waliozaliwa baada ya hapo hawakuhitaji kujua.

Lakini hebu ona. 2006 imetoka kwenye petroli. 2007 tanuri la Mikindani linajengwa. Na 2007 hiyo hiyo, mwezi wa Novemba, huko huko Dakar, kwenye mtaa wa wavuvi wa Thiaroye-sur-Mer, watoto wakaanza kufa hakuna anayejua kwa nini. Wanapata degedege, wanakufa. Mpaka Machi 2008 walikuwa wamekufa watoto 18, wote chini ya miaka mitano. Watu walikuwa wanapasua betri kuukuu uani, na bei ya risasi ilipopanda sokoni wanawake wakaanza kuchekecha mchanga wa mtaani kwa chekecheke za jikoni ili wapate vipande vilivyobaki, watoto wakiwa mgongoni, vumbi likiruka. Nliposoma hivyo nikaona ua wa mjomba wangu wote. Mtaa wa wavuvi, betri, mchanga, watoto. Mji ule ule uliotia saini ya kuifukuza risasi angani, risasi ikarudi kwa mlango wa uani.

Ndo maana naandika. Tukisikia hewa chafu akili inakwenda kwa moshi mweusi wa matatu na lori, kwa sababu ule unauona. Risasi haifanyi hivyo. Inayeyuka kwenye nyuzi 327 tu, jiko la makaa latosha, na ule unga wa plati ni laini kuliko unga wa ngano, unapaa bila moshi wa maana, unashuka, unakaa. Hauozi. Moshi wa lori mvua ikinyesha unapungua, huu unangoja mchangani mpaka mtoto atie kidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani wanasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo anafyonza mara nne au tano ya mtu mzima kwa kiasi kile kile alichokimeza. Ikishaingia inakwenda kukaa kwenye mifupa na meno, miaka na miaka, na msichana akija kushika mimba mifupa inaitoa inarudi kwenye damu mpaka kwa mtoto tumboni. Yaani msichana wa miaka sita anayecheza uani leo anaweza kumpa mwanawe asiyezaliwa bado.

Nirudi kwangu. Asubuhi yake nikampeleka mtoto kupimwa. Nlidhani ni kitu cha nusu saa. Zahanati ya kwanza daktari akaniuliza, risasi? amepigwa risasi? Sikumlaumu, lugha yetu imeyapa mambo mawili jina moja. Ya pili wakanambia tupime malaria kwanza. Ya tatu wakakubali kutoa damu lakini ikapelekwa mbali, nikalipa pesa ambayo sikuwa nayo, dadangu ndo alinitumia, na nikangoja siku tisa. Na kumbe kuna kimashine kidogo cha kubeba mkononi, anatobolewa kidole tu, dakika tatu jibu limetoka. Dakika tatu. Mimi ningekuwa na usemi, kile kimashine kingekaa kwenye kila kliniki ya watoto kuanzia Mikindani mpaka Mtongwe, tunapopima uzito tupime na hiyo.

Jibu likaja 11. Maana yake maikrogramu 11 kwenye desilita ya damu. Shirika la Afya Duniani wanasema kuanzia 5 utafute chanzo na ukiondoe. Daktari, kijana mpole sana Mungu ambariki, akanieleza kwamba kwa 11 hakuna dawa ya kumpa, zile dawa za kuitoa risasi ni za viwango vya juu kabisa na zenyewe zina madhara, tiba ni kumuondoa pale penye risasi, kumuosha mikono kila saa, na kumlisha vizuri, dagaa, maziwa, mboga za majani, kwa sababu mwili wenye njaa ya chuma na kalisi unaidaka risasi upesi zaidi. Nikamuuliza na akili yake itakuwaje. Akanyamaza kidogo akasema, mama, tukomeshe isiongezeke.

Nikavuka tena feri kwenda kwa mjomba. Nlikuwa na hasira njia nzima, nimepanga maneno. Nikamkuta ameketi barazani anashona kapu lake, nikamwamkia, akaitika, "Marahaba mamangu, na mtoto yu hali gani?" na yale maneno yote yakaniisha. Nikamueleza polepole. Akasema, "Sisi twayeyusha tangu enzi za babu, mbona tu wazima?" Nikamwambia mjomba, mkono wako wa kulia unatetemeka tangu lini? Nikamuuliza na tumbo linalokukaza kila siku? Siwezi kuapa kwamba ni risasi, ni mzee wa miaka sitini na kitu. Lakini akautazama ule mkono muda mrefu.

Halafu akaniuliza swali ambalo ndo limenifanya nikae chini niandike. "Na hiyo sheria yenu ya hewa, yanijua mimi?"

Sikuwa na jibu zuri. Kanuni zimeandikwa zikimfikiria mtu mwenye dohani, mwenye leseni, mwenye geti la kugongwa. Mjomba hana dohani. Ana mafiga. Na betri aliyoipasua aliinunua kwa mtu wa skrapu, aliyeinunua kwa fundi wa tuktuk, aliyeitoa kwa tajiri mwenye gari, na huko juu kabisa kuna aliyeiingiza nchini akapata faida yake na akasahau. Tuna Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 inayosema mwenye kutengeneza au kuingiza bidhaa ana wajibu nayo hata baada ya kutumika. Basi betri ndo ingekuwa ya kwanza! Ukinunua mpya urudishe ya zamani, ulipwe kitu, irudi kwa njia inayojulikana mpaka kwenye kiwanda chenye vichujio kilicho mbali na watu, na isiwe na bei tamu zaidi kwa mtu wa uani. Huwezi kumwambia mvuvi aache bila kumuonyesha chubwi nyingine ya bei yake. Kuna za chuma, kuna za simiti, wako wanaofunga jiwe tu. Zaweza.

Kuhusu Owino Uhuru, mahakama imewachosha lakini imewasikia. Kesi ilifunguliwa 2016 hapa Mombasa, Julai 2020 hukumu ikatoka walipwe shilingi bilioni 1.3 na udongo usafishwe. Juni 2023 mahakama ya rufaa ikaiondoa ile fidia irudi ikasikizwe upya, fikiria mzee aliyekuwa ashapiga hesabu ya kununua kiwanja. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Nimegawanya, bilioni 1.3 kwa watu 3,000 ni kama laki nne na elfu thelathini kila mtu. Kwa mfupa wenye risasi. Nimefurahi kwa ajili yao, kweli kabisa, na nimefurahi zaidi kwamba mahakama imewawajibisha na wale wa serikali waliopewa kazi ya kulinda, manake mwenye tanuri anakwenda zake na serikali inabaki. Lakini kiwanda kilifungwa 2014, na mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa na miaka kumi hukumu ya mwisho ilipotoka.

Na kuna kitu kwenye Katiba ambacho ningependa kila mtu wa huku akijue. Kifungu cha 70. Unaweza kwenda mahakamani kuhusu mazingira na huhitajiki kuthibitisha kwamba kuna mtu ameumia. Soma tena. Hamna haja ya kungoja mimba ziharibike, hamna haja ya kungoja mtoto apatwe na degedege. Ukiona tanuri linajengwa kando ya nyumba yako unaweza kwenda leo, wewe uliye mzima, na watoto wako wazima. Owino Uhuru walikwenda wakiwa wagonjwa tayari. Wengine wetu tusingoje.

Mjomba ameacha. Aliniambia hivyo kwa simu mwezi wa pili na vijana wake wakathibitisha, sasa wanatumia vipande vya nondo, wanalalamika vinanasa mawe lakini wanatumia. Pale penye ua wa makuti tulichimba na kuondoa mchanga wa juu ukiwa umelowa ili usipae, tukautia kwenye magunia ya plastiki, tukaleta kifusi kipya. Watoto wa pale wawili wamepimwa, wa mwisho ana 14. Mwanangu tulirudia baada ya miezi mitatu, ameshuka hadi 7. Tutarudia tena.

Magunia manne ya mchanga yako bado nyuma ya choo cha mjomba, yamefunikwa turubai na mawe juu, kwa sababu nimepiga simu kila ninapopajua na hakuna aliyenambia yapelekwe wapi. Na ile chubwi ya kidole iko bado juu ya kabati langu ndani ya chupa iliyofungwa, mtoto ananiuliza atarudishiwa lini. Kuitupa jaani siwezi, wanaookota watainyanyua. Mtu wa skrapu anapita hapa kila Jumamosi anaita vyuma kuukuu, angeinunua, lakini nikimpa najua inakokwenda.

Kama kuna mtu anayesoma hapa, awe Mombasa au Kilifi au kokote, na anajua mahali panapopokea, tafadhali aniandikie.